Neno Nililoficha Hadi Ijumaa

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana mwembamba, katoka chuoni mwaka uleule, na alikuwa na wazimu mmoja tu: maneno marefu. Kila Jumatatu aliandika ubaoni herufi kadhaa, halafu anageuka huku akijifuta chaki kwenye suruali. "Ijumaa nataka maneno yenye herufi hizi, pamoja na maana yake. Atakayeniletea mafupi nitamchapa." Hakumchapa mtu hata siku moja, lakini tulimwogopa vilevile.

Mimi nilikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa mjini Shinyanga. Wasichana tulikuwa sita darasani. Nasema sita ili mjue kwamba mdomo wangu ulikuwa na kazi yake. Msichana asiye na mdomo katikati ya wavulana thelathini anageuzwa fagio.

Mashindano tuliyapanga wenyewe, kwa namna tuliyoyajua mashindano. Kwetu Usukumani, mavuno yakiisha, makundi mawili ya ngoma hucheza siku moja, uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi. Watu wanasimama katikati, na kundi litakalowavuta wengi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo kila manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, huficha wimbo wake mpya na kituko chake kipya mpaka siku yenyewe. Hata mkewe hamwambii. Kituko kikijulikana mapema kimekufa, kwa sababu wenzako watakuja na cha kukizima. Sisi tukafanya hivyohivyo. Darasa liligawanyika pande mbili, kulia na kushoto ya ubao. Kidato cha kwanza waliingia wakasimama katikati. Kila upande ulitoa maneno yake, herufi moja moja, kisha maana, wote kwa pamoja, kelele mpaka mabati yanatetemeka, na wale wadogo wakakimbilia kule kulikowanogea. Mwalimu alicheka akatoa machozi. Nadhani hakuwahi kuona Kiingereza kikichezwa ngoma.

Wiki ya irabu zote tano nilileta *precarious*, kitu kilichokaa pabaya, kinachoweza kuanguka saa yoyote. Wenzetu wakaja na *unquestionably*, bila swali wala shaka, wakatushinda. Wiki ya T na H mwalimu alikubali hata misemo, nikaleta *through thick and thin*, kuwa na mtu kwenye raha na kwenye dhiki, na kidato cha kwanza wakanihamia wote kwa jinsi ulimi ulivyokuwa ukichungulia nje. Nililewa sifa. Msinicheke! Mtoto wa mkulima wa pamba, viatu vya tairi, halafu watu arobaini wanakukimbilia kwa sababu ya kinywa chako tu. Nani asingelewa?

Manju wa upande wa pili alikuwa kaka yangu, mtoto wa baba mdogo. Nyumba zetu zilipakana. Tulitembea pamoja kwenda shule, saa moja na nusu kutoka huko nyuma ya Ibadakuli mpaka mjini, na njia nzima tuliongea kila kitu isipokuwa maneno.

"Wiki hii una nini?" ananichokoza.

"Nina njaa."

"Njaa ina herufi nne. Umeshindwa tayari."

Nilimpenda sana yule kijana, na kila Ijumaa nilitaka kumfuta usoni pa dunia.

Nyumbani nilikaa na baba. Mama alikuwa ameshafariki. Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye mgodi mmoja wa dhahabu huko upande wa Nyarugusu, akishika mashine ya kutoboa mwamba chini ya ardhi. Alirudi na baiskeli, redio na kikohozi. Mwanzoni kikohozi kilikuwa cha asubuhi, baadaye kikawa cha kutwa, na mwaka huo ninaousema alikuwa hawezi kutoka mlangoni hadi zizini bila kupumzika njiani. Mtu aliyekuwa akijitwisha gunia la pamba peke yake! Kisha akaanza kutema damu. Nilikuwa nafua vitambaa vyake nyuma ya nyumba ili majirani wasione, kana kwamba kuna jirani asiyejua.

Jirani mmoja nimtaje. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa na kupangwa mistarini, nyumba inayofuata yetu upande wa machweo alipewa mjane mzee ambaye hakuwa wa ukoo wa mtu yeyote pale. Watoto wake walikuwa wamekufa wote. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya kila bibi kizee wa kwetu, maana miti hatuna, tulipikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe ndani ya vijumba visivyo na dirisha. Nilimwita mayu, yaani mama. Nikirudi shule aliniwekea matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, na nilikaa kizingitini pake nikivitafuna huku nikimsimulia ya shule. Alipenda hasa habari za mashindano. Alikuwa amecheza ngoma sana ujanani, akajua maana ya kuficha kituko.

Jumatatu hiyo mwalimu aliandika ubaoni S, I, S. "Maneno yanayomalizika hivi," akasema.

Nilijua kaka yangu angechukua yale ya kitabu cha biolojia, *metamorphosis*, kiwavi kugeuka kipepeo, na *photosynthesis*, majani kujipikia chakula kwa jua. Nilitaka neno lisilokuwa kwenye kitabu chochote cha darasani. Nyumbani nikaanza kusaka popote palipochapishwa Kiingereza: makopo ya dawa ya pamba, boksi la betri, nyuma ya redio. Mwisho nikafungua mkebe wa baba. Humo alikuwa na kadi yake ya ubatizo, picha ya mama, na karatasi aliyopewa siku alipoondolewa mgodini, baada ya kupigwa picha ya kifua. Baba hakujua Kiingereza. Siku ile mkalimani alimwambia, "Daktari anasema umechoka, nenda nyumbani ukapumzike." Basi baba alikunja karatasi yake akaja kupumzika.

Karatasi ilikuwa imepigwa chapa, mistari mitano, na katikati ya mstari wa tatu neno lilinikodolea macho. *Silicosis*. Nililiandika kiganjani.

Jumanne, wakati wa mapumziko, nilimwomba mwalimu ufunguo wa kabati lenye kamusi kubwa. Nikalisoma mara mbili. Ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kuvuta vumbi la mawe miaka mingi, hasa kwa watu wanaotoboa na kuvunja miamba. Na sasa niseme ukweli, kwa sababu nimechoka kuupamba: jambo la kwanza nililolisikia ni furaha. Nilifunga kamusi nikaruka. Nimepata neno! Hakuna mwenye neno hili Shinyanga nzima! Huruma ya baba ilikuja baadaye, njiani, na hata ilipokuja ilikuta furaha imekaa kwenye kiti.

Mdomo uliniwasha. Kwa baba sikuweza kusema, maana baba angemwambia baba mdogo, na baba mdogo anayo masikio ya kaka yangu mezani kwake. Nikaenda kwa mayu. Hakujua Kiingereza, hakuwa na mtoto shuleni, kwake neno lingekaa salama kama mbegu kwenye kibuyu.

"Mayu, nina neno la Ijumaa."

"Haya, nipe nilishike."

Nikamwambia. Akalijaribu, "Silikosisi," akacheka na meno yake matatu, akalirudia tena na tena mpaka likamkaa. "Linasikika kama mvua kwenye mabua. Na maana yake?"

"Maana utaisikia Ijumaa nikirudi."

"Mh! Manju kweli wewe," akasema, akaniongeza matobolwa.

Jumatano nilirudi nikakuta baba hayupo. Baba mdogo alikuwa amempakia kwenye baiskeli kumpeleka kwa mganga ng'ambo ya mto. Walirudi jua likiwa limelala chini. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, na wao wamekaa nje ukutani, kaka yangu akiwa nao. Nilisikia kila neno. Mganga alipasua kuku akasoma matumbo yake. Alisema hiki si kikohozi cha Mungu. Ni mkono wa mwanamke, hana mtu, nyumba yake inafuata ya mgonjwa upande wa jua kuzama, na macho yake mekundu kwa kukesha akimla mwenzake.

"Sasa tumejua," alisema baba mdogo.

Baba alikohoa.

Nilisimama na mwiko mkononi. Neno lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Nilichotakiwa kufanya ni kutoka nje, kuleta mkebe, kusema: baba, ni vumbi la mgodini, limeandikwa hapa, na kamusi inasema hivi. Lakini kaka yangu alikuwa amekaa hatua tatu kutoka mlangoni. Nikisema leo, Alhamisi darasa zima wanalo, na Ijumaa nimebaki mikono mitupu. Nikajiambia, siku mbili tu. Ijumaa jioni nitasema. Siku mbili haziui mtu.

Nilijidanganya. Nilijua fika vizee wa macho mekundu walifanywa nini wakishanyooshewa kidole na mganga. Mwaka uliotangulia, ng'ambo ya bonde, mmoja alikutwa kisimani. Mtoto gani wa kwetu asiyejua? Nikageuza ugali, nikaupakua, nikawapelekea maji ya kunawa.

Alhamisi jioni nilipita zizini kwa baba mdogo. Dume lake jeusi halikuwemo. Mtu wa kwetu hatoi dume katikati ya wiki, si siku ya mnada, hakuna harusi, hakuna msiba, bila ya sababu. Kuna watu wa mapanga waliokuwa wakilipwa namna hiyo. Nilisimama nikaliangalia pengo lake pale kati ya ng'ombe wengine, kisha nikaenda kuyasoma maneno yangu.

Ijumaa asubuhi kaka yangu alitangulia. Siku za mashindano hatukutembea pamoja. Nilipotoka nilimkuta mayu njiani na jembe begani, anakwenda shambani kuchimba viazi. Umande ulikuwa mwingi, kaifunga kanga yake juu ya magoti.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba. Silikosisi!" akaniambia kwa sauti, kama mtu anayetoa salamu, akacheka. "Nenda ukawachezeshe. Ukirudi unipe ile maana."

Tulikuwa wawili tu njiani. Hakukuwa na kaka, hakukuwa na mtu wa kuniibia neno. Ningeweza kumwambia: mayu, usiende shambani leo, nenda mjini, nenda kwa padri, nenda popote. Nilimwambia nimechelewa.

Mashindano yalikuwa saa nne. Kaka yangu alianza na *metamorphosis*, akiruka na kupiga mabawa, na nusu ya kidato cha kwanza ikahamia kwake. Kisha *photosynthesis*, wakazidi kwenda. Nikawaacha waende. Nikapanda juu ya dawati, nikapaza sauti, herufi kwa herufi, kisha neno zima, na kwa vile hakuna aliyewahi kulisikia, kelele za upande wa pili zikafa zenyewe. Hata mwalimu alisogea.

"Maana!" wakapiga kelele.

"Ugonjwa wa kifua," nikasema, "unaowapata watu waliotoboa mawe mgodini. Wanavuta vumbi miaka na miaka, vumbi linaganda mapafuni, halitoki. Wanakohoa mpaka wanatema damu. Haurogwi. Unavutwa."

Hilo la mwisho niliongeza mimi, kwa mbwembwe tu. Halimo kwenye kamusi.

Nilimwona kaka yangu akiniangalia. Mikono yake ilikuwa bado imenyanyuka kama mabawa. Akaishusha. Akatazama dirishani, jua liko wapi, kisha akatoka mlangoni bila kuomba ruhusa na nikasikia miguu yake ikikimbia. Darasa likaangua kicheko. "Kashindwa! Kakimbia aibu!" Kidato cha kwanza wakanimiminikia, wakanibeba. Mwalimu akanipa kalamu yake mwenyewe ya wino, ya kijani. Mimi nilicheka nao. Niliacha kucheka nilipokumbuka zizi.

Mchana niliporudi, nusu ya safari nilikimbia na nusu nilitembea kwa sababu nilikuwa naogopa kufika. Kaka yangu nilimkuta amekaa kando ya njia, karibu na shamba la mayu la viazi. Kandambili zilikuwa zimemkatikia njiani, nyayo zake zimechanika. Ng'ambo kidogo watu wamesimama mduara, na mgambo mmoja anawauliza nani kaona nini, na hakuna aliyeona kitu. Juu ya matuta ya viazi niliiona ile kanga, imefunika.

"Walimaliza kabla sijafika," alisema kaka yangu. Hakulia. "Niliwasikia alfajiri kwetu wakimwambia baba, leo shambani. Nikanyamaza, nikijua ni mchawi, anammaliza baba mkubwa." Akaniangalia. "Ungesema jana, dada. Ungesema jana tu."

Wahenga husema mdomo uliponza kichwa. Mdomo wangu ulinyamaza, ukaponza kichwa cha mtu mwingine.

Nilikwenda moja kwa moja kwa baba. Alikuwa ameegemea ukuta, baba mdogo yuko naye, amenawa, amevaa shati safi. Nikatoa karatasi kwenye mkebe nikawasomea, nikatafsiri, neno moja baada ya jingine.

Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, "Mgodini mlikuwa watu wangapi, kaka? Mia? Wote walivuta vumbi. Mbona unakufa wewe? Nani alilielekeza vumbi kwako? Hilo halimo kwenye kamusi yake." Akasimama, akajikung'uta, akaondoka.

Kwa miaka mingi watu wachache niliowasimulia wamenifariji kwa maneno hayohayo: hata ungesema wasingekusikia. Labda. Nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote, nimewaambia watoto wa watu maana za maneno elfu na elfu, na bado sijui kama wangenisikia. Kaka yangu alinisikia, akakimbia mpaka miguu ikatoka damu. Huyo mmoja najua.

Tulipobaki wawili, baba aliniuliza, "Ulijua lini?"

"Jumanne."

"Na leo ni siku gani?"

"Ijumaa."

Alichukua karatasi akaikunja, akairudisha mkebeni. Hakunigombeza, na ningempa kila nilichonacho anigombeze.

Jumamosi mayu alizikwa. Mchawi hazikwi na watu, kwa hiyo hakuja mtu. Tulikuwa watatu: baba, kaka yangu na mimi. Kaka yangu alitaka kuchimba peke yake, baba akamnyang'anya sururu. "Mimi ndiye ninayejua mawe," alisema. Alipiga mara nne, tano, anakaa, anakohoa kwenye kitambaa, anasimama tena. Chini kidogo ya udongo kulikuwa na changarawe nyeupe, na kila akipiga vumbi lilipanda likimzunguka uso, na hakugeuka pembeni. Nilimwambia, baba, basi, linakuua hilo. Akasema limeshaniua, ondoka hapo. Aliishi miezi minne tu baada ya siku hiyo.

Tulimlaza mayu, tukamfukia. Kaka yangu akaweka jembe la mayu juu. Nilitaka kuondoka haraka. Baba akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimejaa vumbi jeupe.

"Mwambie," alisema.

"Nimwambie nini, baba?"

"Jana usiku ulinieleza mwenyewe mlivyokutana njiani asubuhi. Alikuwa analisema neno lako kwa sauti. Umempa neno, hukumpa maana." Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Alikwambia ukirudi umpe. Haya, umerudi. Mwambie."

Nikapiga magoti kwenye ule udongo, nikamwambia.